Chubwi za risasi zinazotoka na kasoro: kusoma dalili na kutafuta chanzo kwenye metali

Chubwi, yaani kizito cha metali ya risasi kinachozamisha mshipi au wavu, ikitoka na mikunjo, ikiwa na shimo tumboni au ikikatika kichwa unapoifunga mshipini, lawama ya kwanza huangukia kalibu. Watu hupiga tupa mdomo wa kumiminia, huchimba vijia vipya vya hewa, hununua kalibu nyingine, na kasoro inabaki palepale. Mara nyingi chanzo kimo chunguni. Risasi ya kuokoteza ni nadra kuwa risasi tupu. Huwa na stani, antimoni, pengine zinki, na kila moja ya metali hizo hubadilisha namna mchanganyiko unavyotiririka, unavyoganda na unavyovunjika. Kwa hiyo kagua metali kwanza, kisha joto, na kalibu iwe ya mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza stani na moto kwa pamoja, hutajua ni kipi kilichotibu.

Maelezo haya yanahusu kalibu za alumini za vipande viwili zinazojazwa kwa upawa, kwa chubwi za mshipi, za nyavu na vichwa vya ndoana.

Kabla ya kuwasha moto

Yeyushia nje, upepo ukiwa mgongoni. Tumia chungu cha chuma, kamwe si sufuria ya alumini, kwa kuwa alumini hulegea kwenye joto hilo na kitako kinaweza kuachia. Chombo kilichowahi kubeba risasi hakirudi jikoni tena. Vaa miwani ya kukinga macho, glavu za ngozi, suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu wote. Usile, usinywe wala usivute sigara ukiwa kazini, na nawa kwa sabuni ukimaliza. Watoto na wajawazito wasiwe karibu, kwa sababu hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwenye joto la kusubu, mvuke wa risasi ni mdogo. Hatari kubwa ni vumbi la utando (uchafu na metali iliyoungua inayoelea juu) ulioenguliwa. Utie kwenye kopo lenye mfuniko, na sehemu ya kazi ipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu baada ya kila kitu kupoa. Usifagie kavu.

Maji ni adui mwingine. Tone moja likiingia chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kurusha metali usoni. Kila kinachoingia chunguni, iwe mkuo (kipande cha metali iliyogandishwa kwa akiba), chakavu au upawa, kipashwe moto kwanza juu ya ukingo wa chungu. Chakavu kichafu kitiwe chungu kikiwa bado baridi, kipate moto pamoja nacho, si kudumbukizwa kwenye metali iliyokwisha yeyuka.

Betri za gari ziache kabisa. Zina asidi, na sahani zake zina kalisi, antimoni na aseniki. Utando wake ukipata unyevu unaweza kutoa gesi zenye sumu kali.

Kila metali inafanya nini

Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi na ina uzito wa gramu 11.34 kwa kila sentimita ya ujazo. Ni laini, hupindika bila kukatika na huganda kwa mara moja. Ubaya wake ni kwamba ikiwa peke yake haipendi kuingia kwenye pembe nyembamba.

Stani, ile metali nyeupe iliyomo kwenye lehemu, hupunguza mvutano wa uso, hivyo metali hulowanisha kuta za kalibu na kufika kwenye kila mchoro. Asilimia 1 hadi 2 inatosha. Zaidi ya hapo unatupa pesa na kupunguza uzito wa chubwi.

Antimoni huleta ugumu. Hupunguza kidogo kusinyaa wakati wa kuganda, lakini hufanya aloi (mchanganyiko wa metali) iwe kavu na rahisi kuvunjika. Vipande vya kubalansi magurudumu vinavyobanwa kwa klipu huwa na antimoni asilimia 2 hadi 4 hivi na stani kidogo sana, pamoja na chembe za aseniki. Vile vya kubandika kwa gundi huwa karibu na risasi tupu. Herufi za mitambo ya kale ya uchapaji huwa na antimoni takribani asilimia 12 na stani 4. Aloi hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 240 hivi na hujaza kalibu vizuri sana, ila ni ngumu mno kwa chubwi nyingi.

Zinki haina faida yoyote hapa, na inaharibu chungu kizima.

Chagua aloi kulingana na kazi. Chubwi ndogo za kubana mshipini na zile za kukunja kwenye kamba ya wavu zinataka risasi tupu. Vichwa vya ndoana vyenye shingo nyembamba vinataka risasi laini yenye stani asilimia 1 au 2. Chubwi kubwa za kutia nanga mshipi hukubali hata vipande vya magurudumu vilivyo vingi, mradi pete ya kufungia iwe ya waya na si ya risasi yenyewe.

Dalili: mikunjo, kingo za mviringo, sehemu zisizojaa

Hii ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote, na ina vyanzo vinne vinavyofanana sana kwa macho.

Anza na ubaridi wa kalibu. Chubwi za mwanzo karibu zote hutoka na mikunjo kwa sababu alumini inanyonya joto. Zirudishe chunguni na uendelee kumimina bila kupumzika. Zikianza kunyooka zenyewe baada ya kujaza mara kadhaa, hukuwa na tatizo. Pasha kalibu juu ya ukingo wa chungu kabla ya kuanza.

Zikiendelea kukunjamana hata kalibu ikiwa ya moto, pima joto la metali. Risasi tupu isubiwe kwenye nyuzi 380 hadi 420. Aloi yenye stani na antimoni hujaza vizuri kwenye 350 hadi 380. Kipimajoto cha kuchovya ni bora kuliko kukisia kwa rangi.

Joto likiwa sawa, tazama uso wa metali chunguni. Uengue hadi uwe safi, kisha usubiri. Risasi isiyo na stani hujifunika haraka kwa utando wenye rangi za dhahabu, zambarau na buluu. Yenye stani ya kutosha hubaki nyeupe ya kung'aa kwa muda mrefu zaidi. Ukiona rangi hizo pamoja na mikunjo, unachokosa ni stani. Kwa kilo 5 za risasi tupu, gramu 85 za lehemu ya 60/40 (stani 60, risasi 40) hukupa stani ya asilimia 1. Gramu 170 hukupa asilimia 2. Ukiwa na lehemu isiyo na risasi, ambayo ni stani karibu tupu, gramu 105 zinatosha kwa asilimia 2. Hakikisha lehemu haina kiini cha dawa ya kulehemia ndani yake, au vumilia moshi wa dawa hiyo na uiengue.

Lakini angalia mtego uliopo hapa. Watu huongeza stani na papo hapo hupandisha moto. Juu ya nyuzi 400 stani huungua haraka kwenye uso wa chungu, inageuka kuwa utando wa kijivu, nawe unauengua na kuutupa. Baada ya saa moja umerudi ulikoanza. Ukishatia stani, teremsha moto.

Chanzo cha nne ni mafuta. Kalibu mpya hutoka kiwandani na mafuta ya mashine, nayo hutoa chubwi zenye mikunjo laini inayong'aa sehemu ileile kila mara. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikaushe kabisa juu ya moto, kisha ipake masizi ya mshumaa.

Dalili: metali nzito, yenye mabonge, isiyotoka vizuri kwenye upawa

Hapa shuku zinki. Metali iliyoingiwa na zinki hutengeneza ngozi nene ya kijivu inayorudi mara tu unapoiengua, hushikilia kwenye upawa, na inapomiminwa hudondoka kama uji ulioanza kuganda. Chubwi hutoka na mikunjo ambayo haiponi kwa joto wala kwa stani. Ukipandisha moto inaonekana kama imepona, kisha ikipoa kidogo mabonge yanarudi. Tabia hiyo ndiyo inayoitofautisha na ukosefu wa stani.

Zinki huingia kupitia vipande vya magurudumu. Vingine vimeandikwa Zn, na vya chuma Fe, lakini vingi vimefutika. Chambua kabla ya kuyeyusha. Bana ukingo kwa koleo ya kukatia: risasi hukatika kwa ulaini na kuacha alama ya meno, zinki hukataa. Kiangushe kwenye saruji: risasi hutoa mshindo mfu, zinki hulia. Ukibaki na shaka, tia tone la asidi ya haidrokloriki. Zinki hutoa povu mara moja, risasi hunyamaza. Asidi hiyo iwe mbali na chungu, na kipande kioshwe na kukaushwa kabisa.

Kinga ya pili ni joto. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419 na ni nyepesi kuliko risasi, hivyo chungu kikikaa kati ya 340 na 370 wakati wa kuyeyusha chakavu, vipande vya zinki na vya chuma vitaelea pamoja na klipu. Viengue mara moja. Usiviache vielee huku ukifanya shughuli nyingine, kwa kuwa risasi ya moto huila zinki polepole hata kabla haijayeyuka.

Ikishaingia, kutoa yote nyumbani haiwezekani. Nta na unga wa mbao husaidia kurudisha stani iliyoungua, lakini haviiondoi zinki. Unachoweza ni kuipunguza: acha chungu kipoe polepole hadi karibu na kuganda, nyuzi 330 hivi, na uengue ukoko unaopanda juu, kwani risasi inapopoa hushindwa kubeba zinki nyingi. Rudia mara mbili au tatu. Kilichobaki kichanganye na risasi safi nyingi na ukitumie kwa chubwi kubwa zisizo na michoro. Kikibaki na mabonge, mimina mikuo, iandike ZINKI, na uipeleke kwa wanunuzi wa chakavu. Usiichanganye tena na akiba yako.

Dalili: shimo juu au uwazi ndani

Risasi ikiganda hupungua ujazo kwa takribani asilimia 3.5. Upungufu huo lazima ujazwe na metali kutoka juu. Ikikosekana, chubwi hunyonya hewa na kuacha shimo chini ya mdomo au uwazi tumboni usiouona mpaka uikate.

Mimina bila kukatiza na uache dimbwi dogo la metali juu ya mdomo. Tazama dimbwi hilo kwa makini. Mwanzoni linang'aa kama kioo. Kisha katikati yake panabonyea kidogo, kwa sababu chubwi iliyo chini inavuta. Baada ya hapo mng'ao unafifia kutoka ukingoni kwenda katikati, na uso unakuwa wa kijivu. Katika risasi tupu mabadiliko hayo huja kwa ghafla. Katika aloi ya antimoni huchukua muda, kwa kuwa aloi yenye antimoni asilimia 3 huanza kuganda kwenye nyuzi 300 na kitu na haimalizi hadi karibu 250. Kati ya hapo ni nusu maji, nusu punje. Kama dimbwi halikubonyea kabisa, mdomo umeganda kabla ya mwili na uwazi umo ndani. Pasha zaidi sehemu ya juu ya kalibu au upanue mdomo kidogo.

Mashimo madogo yaliyotawanyika ni jambo jingine. Hayo hutokana na unyevu, na utando uliochotwa pamoja na metali, au hewa iliyonaswa. Chota kutoka chini ya uso baada ya kusukuma utando pembeni kwa mgongo wa upawa. Hewa iliyonaswa hukaa mahali pamoja kila mara, kwa kawaida kwenye pembe ya mwisho kujaa; hapo ndipo mchoro mwembamba wa kijia cha hewa unapostahili. Kalibu za plasta au udongo ni hatari zaidi kwa sababu hushika maji yasiyoonekana. Anayeanza azikwepe.

Dalili: uso mweupe kama wenye ukungu

Kalibu au metali imekuwa ya moto kupita kiasi, na fuwele za antimoni zimejitokeza usoni. Chubwi yenyewe ni nzima. Punguza kasi, acha kalibu wazi kidogo kati ya mimino, au teremsha moto nyuzi 20.

Dalili: chubwi inapasuka, pete inakatika

Uliza kwanza ilikatika lini. Ikikatika wakati wa kufungua kalibu, ilikuwa bado kwenye ile hali ya nusu punje. Uso wa mpasuko utaonekana wenye chembechembe na wa kijivu. Subiri zaidi. Anayehama kutoka risasi tupu kwenda vipande vya magurudumu hukutana na hili siku hiyohiyo, kwa kuwa amezoea kufungua mapema.

Ikikatika baadaye, inapokunjwa, antimoni ni nyingi au zinki imo. Jaribu kwa kucha: risasi tupu huchanika, aloi ngumu haichaniki. Penseli za kuchorea husaidia kulinganisha mikuo: penseli laini sana ya 6B ikichimba mkuo mmoja na ikateleza kwenye mwingine, umejua upi mgumu.

Tiba ni kuzimua. Kilo 1 ya risasi ya herufi za uchapaji kwenye kilo 5 za risasi tupu hutoa aloi yenye antimoni asilimia 2 na stani karibu 0.7, ambayo hujaza vizuri na si kavu mno. Vipande vya magurudumu nusu kwa nusu na risasi tupu, pamoja na stani asilimia 1, ni aloi nzuri kwa chubwi za wastani.

Usipoze chubwi za aloi kwa kuzitumbukiza kwenye maji ukitaka ziwe laini. Antimoni ikiwa pamoja na chembe za aseniki, kupozwa ghafla huongeza ugumu, na ugumu huo huendelea kupanda kwa siku kadhaa. Chubwi ya kubana ambayo leo inafungika kwa koleo, wiki ijayo inaweza kukata mshipi. Ndoo ya maji karibu na chungu ni hatari yenyewe vilevile. Zitandaze kwenye kitambaa kikavu cha pamba.

Dalili: utando mwingi usiokwisha

Kwanza teremsha moto. Halafu usikimbilie kutupa: utando wa mwanzo umebeba stani na antimoni uliyoinunua. Tia kipande cha nta chenye ukubwa wa punje ya haragwe au kijiko cha unga wa mbao mkavu, washa moshi kwa kiberiti ili usikusumbue, kisha koroga kwa fimbo kavu ya mbao huku ukikwangua kuta na kitako. Kaboni huirudisha oksaidi ya stani kuwa metali, na kinachobaki juu ni unga mwepesi wa kahawia au mweusi. Huo ndio wa kuengua. Tinkali (boraksi) nayo hukusanya uchafu, ila hutengeneza kioo kinachonata kwenye kuta za chungu na kuvuta unyevu baadaye, kwa hiyo ni afadhali nta.

Dalili: mapezi kwenye maungio

Punje ya risasi imekwama kati ya nusu mbili za kalibu, au bawaba imelegea. Safisha kwa burashi laini, si tupa. Aloi yenye stani nyingi hupenya nafasi nyembamba zaidi, basi mapezi yakianza mara tu baada ya kuongeza stani, umezidisha.

Dalili: uzito haulingani na alama ya kalibu

Mizani ndogo inakuambia mengi. Kalibu inayotoa gramu 100 kwa risasi tupu itatoa karibu 98 kwa vipande vya magurudumu na kama 90 kwa risasi ya herufi, kwa kuwa antimoni na stani ni nyepesi. Zikipungua zote kwa kiasi kilekile, ni aloi. Zikitofautiana zenyewe kwa zenyewe, moja 99, nyingine 94, kuna uwazi ndani. Kata ile nyepesi kwa msumeno wa chuma uangalie, ukikusanya ungaunga kwa kitambaa chenye unyevu.

Chubwi ndogo zina jambo la kisheria pia. Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi za risasi za kati ya gramu 0.06 na 28.35 tangu 1987, kwa sababu batamaji walikuwa wakizimeza na kufa. Ulipo, ulizia kabla ya kusubu za ukubwa huo. Stani tupu husubiwa kwenye kalibu zilezile, huyeyuka kwenye nyuzi 232 na hutoa uso mzuri, ingawa kalibu ya gramu 10 itakupa takribani 6.4 tu.

Mwisho, kuhusu akiba: mimina kila aina kwenye mikuo yake na uipige alama kwa patasi ikiwa bado ya uvuguvugu, mkato mmoja kwa laini, miwili kwa ya magurudumu, mitatu kwa ngumu. Mkuo usio na alama uupime kwa kucha na mizani kabla haujaingia chunguni.